Sauna ya Tuukka

Wewe ungeacha kazi kwa kuwa wa mia nne duniani? Tuukka Rautiainen, mchezaji wetu wa tenisi hapa mjini Varkaus, alitaka kuacha. Jumamosi, ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, alitutangazia: "Jamani, nastaafu."

Kocha wake, mzee Urpo, akayamwagia maji mawe ya moto hadi mvuke ukatuchoma masikio. "Atakayetoka kwanza ndiye aliyestaafu."

"Mzee, utatuua!"

"Mlango huo hapo, bingwa."

Mimi sikuhusika, nikatoka mbio. Tuukka aligoma kutoka. Mwishowe Urpo ndiye aliyechomoka, akajitupa kwenye theluji akicheka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Tuukka akifukua theluji mlangoni pa ukumbi wa tenisi, raketi mgongoni. Urpo, mstaafu, alikuwa garini na kahawa yake, akifoka: "Kunja magoti, mvivu wewe!"