Mbuzi Aliyechelewa Kurudi

Mwalimu Anania alifundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini na tisa katika shule za misheni, na fimbo yake ilijulikana kuliko yeye. Mwaka 1954 alikuwa mgane aliyestaafu pale Ilomba, na mjukuu wake Yudith alikuwa akikikimbia kitabu kama dawa ya minyoo. Kwa fimbo ile, mzee alijitakia mwenyewe.

Kila jioni Yudith, wa miaka tisa, alimletea bakuli la chakula kutoka kwa mama yake, Damari, aliyekaa ng'ambo ya migomba. Damari mwenyewe hakuweza kuja. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani hujificha kichakani mpaka apite. Asukile, mwana mwenyewe, alikuwa migodini Afrika Kusini. Basi mzee alibaki na mtoto mmoja tu wa kuongea naye, na mtoto huyo akiona kitabu aligeuka bubu.

Mwalimu akakiweka kitabu darini. Akatwaa daftari kuukuu, akaanza kuandika habari za mbuzi wao, yule wa pembe moja, aliyekula kofia ya mchungaji kisha akatoroka. Aliandika ukurasa mmoja kwa siku, na kila ukurasa ulimwacha mbuzi matatani.

Wa kwanza Yudith aliusoma kwa kununa, kidole kikijiburuta neno kwa neno. Wa tatu alicheka. Wa sita alidai wa saba papo hapo, wakakaa wakibishana kama mbuzi anaweza kuogelea. Mzee hakuwa amefurahi hivyo tangu amzike mkewe.

Kisha akakosea. Siku moja mawingu ya mvua yalitanda, naye akaogopa mtoto asije akalowa. Akakunja ukurasa, akautia kwenye bakuli tupu. "Nenda ukausome nyumbani."

Tangu hapo Yudith alisomea nyumbani. Alitua chakula, akachukua ukurasa, akatoka mbio. Shikamoo na kwaheri zilitoka kwa pumzi moja. Mwalimu alikuwa amefaulu, na upweke ulimuuma vibaya.

Jioni moja akaifuata njia ya migombani. Akamsikia mtoto akisoma kwa sauti bila kukwama, na Damari akicheka. Miaka kumi mkwe wake alimpikia, na hakuwahi kukisikia kicheko chake. Lakini angekohoa tu, Damari angekimbilia ndani na kusoma kungekwisha. Akasimama kimya hadi mwisho wa ukurasa, akarudi kwake.

Kesho yake Yudith akatua bakuli. "Babu, mama anauliza, mbuzi atarudi lini?"

Ukurasa wa mwisho ulikuwa tayari mfukoni, na humo mbuzi alikuwa amerudi zizini. Mzee aliugusa, akauacha hapo hapo.

"Mwambie bado yuko mbali. Ngoja kidogo, sijamaliza kuandika."

Akafungua daftari, akampandisha mbuzi kwenye lori la Iringa, asikojulikana na mtu. Yudith akakaa kizingitini kumngoja. Mwalimu aliandika polepole kuliko alivyowahi kuandika maishani.