Balbina wa Jumba la Wagonjwa

Balbina alikuwa na kazi ambayo ndugu zake wa Mahenge hawakuielewa: alilipwa kutembea na watu. Miaka ya tisini daktari mmoja mstaafu alinunua jumba kuukuu la ghorofa nje ya Kiberege, akalifanya mahali pa kuuguzia waliotoka hospitali lakini hawajarudiwa na nguvu. Asubuhi Balbina aliwashika mkono, mmoja mmoja, wakazunguka baraza taratibu. Masika, maji yalipojaa mashambani, jumba lilionekana kama linaelea, na yangeyange walitua hadi kwenye ngazi.

Hermenegildi, fundi wa kiwanda cha sukari, aliletwa baada ya malaria kumpanda kichwani. Alikula, alitembea, ila hakusema neno. Basi Balbina akawa anaongea peke yake: habari za mpunga, za mvua, za ndoto alizoota usiku.

Siku moja ukungu ulikuwa mzito, nguzo za baraza hazionekani. Hermenegildi akasimama.

"Dada, hapa ni wapi?"

Balbina alishtuka, lakini hakumwachia mkono. "Kwa daktari, kaka. Uliugua."

"Nilidhani nimeshakufa," alisema kwa upole. "Ila nilikuwa nasikia mtu anaongea, kwa hiyo sikuogopa."

Balbina aliketi sakafuni akalia. Yule bwana akakaa pembeni yake, akimngoja amalize.

Alipona, akarudi kazini. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na baiskeli kumsalimia daktari, ndivyo alivyodai, hadi daktari mwenyewe akamwambia aache kuzunguka, aende kwa wazazi wa binti. Walioana mwaka huohuo.

Daktari alipofariki, wagonjwa walichukuliwa na jamaa zao, vitanda vikauzwa. Jumba lilinunuliwa na Fulgensi, mfanyabiashara wa mpunga, aliyejaza magunia chini na kuwapa Balbina na mumewe vyumba vya juu ili wamlindie mali. Watoto wao wanne walikulia humo.

Siku hizi wamebaki wawili tu. Mavuno yakiingia, harufu ya mpunga mpya hupenya mbao za sakafu, na mchana wanasinzia dirishani wakitazama bonde likimeremeta. Mwezi uliopita binti yao Jenifer alikuja kuwachukua wakaishi naye Ifakara mjini.

"Tutakuja, mwanangu," Balbina alimwambia. "Baba yako kwanza amalize usingizi."

Jenifer alicheka, akavua viatu, akajilaza kati yao.