Soketi Yangu Yaenda Kaplong

Nina ugonjwa mmoja ambao watu wa kwetu wanaujua vizuri: nikiona kitu chochote, nakihesabu vipande. Kiti nakiona misumari, jiko nakiona skrubu. Ugonjwa huo ndio ulionipa kazi katika karakana moja ya Nairobi, na ndio ulionitoa huko kwenda nchi ya majani chai.

Kazi yangu ni kubuni soketi ya mita ya umeme. Soketi ni kama kiti ambacho mita hukalia ukutani: waya kutoka kwenye nguzo huingia juu, waya wa kwenda nyumbani hutokea chini, na mita huchomekwa katikati, ikashikwa na vibanio vinne vya shaba. Ile ya zamani ilijaa vipande. Kila kibanio kilikuwa na springi yake, skrubu yake na nati yake, na kuiunga kulitaka bisibisi mbili na subira ya Ayubu. Ndiyo maana ilikuwa ghali. Mimi nikachora nyingine: kasha, kifuniko, na vibanio vinne vinavyobana vyenyewe bila springi, ambavyo unavisukuma kwa kidole gumba mpaka visikike ta! Vipande sita basi, ukiacha skrubu za kukazia nyaya, ambazo ni shughuli ya fundi anayeitundika. Niliipenda soketi ile kuliko inavyofaa kupenda kitu cha plastiki.

Mwenye karakana, mzee wa maneno machache na kalamu nyuma ya sikio, aliigeuza mkononi muda mrefu.

"Mezani kila kitu hufanya kazi," akasema. "Ipeleke mahali kwenye mvua. Wape watu ambao hawajawahi kuishika, waiunge. Halafu mtafute fundi wa huko, umuulize kama angeitundika kwa nyumba ya mama yake. Akikataa, tutaendelea na ile ya zamani, na yako nitaiweka kabatini."

Mahali kwenye mvua nilipajua. Mimi ni Mkisii, na kila Krismasi nikienda kwetu napita Kericho na Sotik. Nimenunua mahindi mengi ya kuchoma pale kupitia dirishani, lakini sikuwahi kushuka. Nikampigia simu Fundi Kirui wa Kericho, mteja wetu wa miaka mingi ambaye nilimjua kwa sauti tu. Akasema njoo, na huko Kaplong kuna kikundi cha akina mama wanaotafuta kazi ya kufanya wakishamaliza kuchuma chai.

Jumatatu alfajiri nilipakia pikapu ya karakana. Makasha upande mmoja, vifuniko upande mwingine, na vibanio vyote ndani ya gunia moja. Hapo nieleze jambo. Kibanio kikitoka kukatwa huwa kinang'aa lakini ni laini, hakibani kitu. Ni lazima kipikwe kwenye tanuri ndipo kikakamae, na kikitoka huko huwa kimefifia na kina madoa ya kahawia. Nilibeba vilivyopikwa vya kazi yenyewe, na vibichi vichache vya kufanyia mazoezi. Nikavichanganya ili kupunguza mizigo. Nilijiambia kwamba hata mtoto angevitofautisha, na hilo lilikuwa kweli kabisa, kama mtakavyoona.

Baada ya Nakuru baridi ilianza kuingia garini, na adhuhuri nikaingia Kericho. Sijui kama kuna kijani kingine cha aina ile. Chai imenyolewa sawasawa kilima baada ya kilima, na katikati yake wachumaji wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Nilisimamisha gari kando ya barabara nikatazama, nikafurahi bila sababu yoyote.

Fundi Kirui alikuwa mtu mkubwa, amevaa sweta juu ya ovaroli. "Chamgei!" akanisalimu, akiushika mkono wangu kwa mikono miwili. Kisha akachungulia nyuma ya pikapu. "Kwani umekuja bila ndizi? Wewe ni Mkisii gani?"

"Ndizi ziko nyumbani, fundi. Nimekuletea kiti."

Akaitundika soketi kwenye nguzo iliyokuwa nje ya duka lake, kifuniko kimefungwa. Tulipomaliza, mbingu za Kericho zilifanya kazi yao ya kila alasiri. Kwanza mvua, halafu mvua ya mawe, ikipiga mabati hata tukawa tunazungumza kwa ishara. Mimi nilisimama barazani nikiwa nimekunja vidole. Ilipokatika, Kirui alivuka matope, akafungua kifuniko, akapitisha kidole pembe zote za ndani.

"Kavu," akasema. "Kavu kabisa."

Nikaruka. Nikamuuliza palepale: ungeitundika kwa nyumba ya mama yako?

Akacheka. "Pole pole, dada. Mama yangu ako Soin. Hana stima bado, lakini nguzo zimeshafika kwa jirani. Hiyo swali siwezi jibu na haraka. Wacha kwanza nione kama itashika mita."

Jumanne asubuhi tuliondoka pamoja, tukapita Litein na Kapkatet, hadi Kaplong. Kwa Mama Cherono, mwenyekiti wa kikundi, tulikuta uani pamefagiliwa na meza imetolewa nje. Yeye ni mkulima wa chai na ng'ombe, mwembamba, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde bila kujitahidi. Akina mama walikuwa wakiwasili mmoja mmoja kutoka kituo cha kupima majani, vikapu bado mgongoni.

"Huyu ndiye fundi mwenyewe?" Mama Cherono akamuuliza Kirui. "Mbona ni msichana hivi?"

"Ni mdogo lakini ana maneno," Kirui akajibu, na wote wakacheka, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikaunga soketi moja ya mazoezi mbele yao kwa vibanio vinavyong'aa, cha mwisho kikalia ta! Mama mmoja akapiga makofi. Nikashika gunia nianze kugawa vipande, lakini Mama Cherono akanipokonya kwa upole.

"Mgeni hafanyi kazi na njaa. Kula kwanza. Hii tumeona, si ngumu."

Nilijaribu kukataa. Mtu asijaribu kukataa chakula Kaplong. Nikawekwa jikoni pamoja na Kirui mbele ya kimyet, ugali wa wimbi mweusi na mtamu, pamoja na mboga za kienyeji, na mursik iliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu, maziwa mazito yenye chembechembe za mkaa. Na huku nikila niliisikia kutoka uani, kwanza moja moja, halafu mfululizo: ta, ta, ta, ta! Walikuwa wakiimba juu yake. Nawaambieni, sijawahi kula chakula kitamu hivyo. Kila tonge lilishuka na ta yake.

Tulipotoka, soketi kadhaa zilikuwa zimepangwa mezani, safi, hakuna iliyovunjika. Kirui akatoa mita ya majaribio mkobani, akaichomeka kwenye ya kwanza. Iliingia vizuri mno. Akaishika kwa vidole viwili, akavuta. Ikatoka kama jino la mtoto.

Akajaribu ya pili. Ikatoka. Ya tatu ilitoka yenyewe kabla hajaigusa. Kirui akaifuta mita kwa sweta lake. Kibanio kisichobana vizuri hupata moto, na moto ndio unaochoma nyumba. Nililiona kabati la mwenye karakana likifunguka na soketi yangu ikiingia humo. Machozi yalinilenga, sina haja ya kuficha.

"Mbona sura imeanguka?" Mama Cherono akaniuliza. "Kazi si nzuri? Na hata ile mbaya tumekutolea."

"Mbaya gani, mama?"

Akainama chini ya meza, akavuta kikapu cha chai. Kilijaa vibanio vya kahawia, vyenye madoa, kila kimoja kimepikwa barabara.

Sasa mtu aliyewahi kuuza majani chai ameshaelewa. Kabla ya kupima, mchumaji humwaga majani yake juu ya gunia na kuyachambua: majani mawili na chipukizi hubaki, jani kuukuu na lililoungua hutupwa, la sivyo karani atakurudishia kikapu chako mbele ya watu. Wamefanya hivyo tangu usichana wao. Wakaumwaga mzigo wangu juu ya gunia, wakauchambua kwa haki kabisa. Vibichi vichache vilivyong'aa vikawa chipukizi. Vilivyopikwa vikawa takataka.

"Ati hii imeungua ndiyo nzuri?" Mama Cherono akauliza nilipokwisha kueleza.

"Ndiyo, mama. Hiyo inayong'aa ni mbichi."

Kisha mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Basi si ni kama kibuyu ya mursik? Ile haijaguswa na makaa, hiyo inang'aa, na maziwa inaoza."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya ng'ombe wainue vichwa. Mama Cherono alishika meza asianguke. "Na wewe, fundi!" akanielekezea kidole. "Unaleta chipukizi na jani kuukuu kwa gunia moja! Kituo yetu ungerudishwa nyumbani!" Nilicheka hata nikaketi chini kwenye nyasi. Tukang'oa vyote, tukaanza upya, na safari hii nilikaa mezani pamoja nao, mikono yao ikinipita mbali, ile iliyozoea kuchuma kwa kulia na kushoto bila kutazama. Kirui akachomeka mita, akavuta. Akavuta kwa mikono miwili. Mita ikakataa kutoka, na akina mama wakaipigia mita vigelegele.

Lakini usiku, kitandani kwa Mama Cherono, sikuwa na amani. Leo nilikuwepo. Kesho nisipokuwepo, kibichi kimoja kikiponyoka tanuri, nani atajua? Nilikuwa nimebuni soketi kwa ajili ya mikono ya watu, nikasahau macho yao.

Jumatano asubuhi ndipo nilipokanyaga Sotik kwa mara ya kwanza maishani. Nilinunua dukani tupa ya kusugulia chuma, nikala hindi la kuchoma nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, nikamsikia mama wa Kikisii na mama wa Kikipsigis wakipigania bei ya mbuzi kwa Kiswahili. Nilitamani kukaa siku nzima. Kirui akanivuta mkono.

Tuliporudi Kaplong nilikaa na tupa barazani, Kirui akiwa na msumari wa moto. Mimi nilikata kona moja ya kila kibanio kilichopikwa. Yeye aliyeyusha plastiki ndani ya kasha, akainua kijino kidogo mahali ambapo kona ile ingekaa. Kisichopikwa hakikatwi kona, na kisichokatwa kona hakiingii. Kipande hakuna kilichoongezeka.

Nikampa Mama Cherono kibanio kibichi, kinang'aa kama shilingi mpya. "Mama, ingiza hiki kwa nguvu."

Akasukuma. Akasukuma kwa vidole gumba viwili, akasimama, akaegemeza uzito wake wote. Kisha akakiinua juu. "Imekataa!" akapaza sauti, na nadhani hadi hospitali ya Kaplong walisikia. "Imekataa kabisa!" Sijawahi kuona mtu akifurahia kushindwa namna ile, wala sijawahi kufurahi naye hivyo.

Nilirudi kupitia Bomet na Narok, kibuyu cha mursik kimefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria. Tulipoagana, Kirui alikuwa amechukua soketi moja na kuiweka mkobani. Nilimuuliza tena lile swali. Alinishukuru tu kwa lugha yake, "Kongoi, dada. Safiri salama."

Nairobi nilimweleza mwenye karakana yote, pamoja na aibu ya gunia. Nilimwambia nilichojifunza: kitu rahisi kuunga si chenye vipande vichache tu, ni kile ambacho hakikubali kuungwa vibaya. Aliitikia kwa kichwa polepole. Kwamba bado ingepitia ukaguzi wa viwango, hilo alilijua. "Na fundi?" akauliza. "Angeitundika?"

Nikamwambia amebaki na moja mkobani, basi. Siku zilizofuata nilikuwa nikitazama simu kuliko kazi.

Jumapili picha ikaja, na Jumatatu nikampelekea mzee kabla hajavua koti. Ilikuwa ya ukuta wa udongo huko Soin, umepakwa vizuri, na soketi yangu imetundikwa juu yake, kifuniko wazi, haina waya, haina mita, tupu. Kwa sababu nyumba za kwetu haziachi kitu kizuri bila kukifunika, mama yake Kirui alikuwa ameitandikia juu kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono. Chini Kirui ameandika: "Mama anasema kiti iko tayari. Anauliza mgeni atafika lini."

Mzee aliitazama picha muda mrefu. Akatoa kalamu nyuma ya sikio.

"Agiza shaba," akasema. Kisha akaisogeza simu karibu na macho. "Na hiki kitambaa ni kipande cha ngapi?"

"Cha saba," nikamwambia. "Lakini hicho mama anafuma mwenyewe."