Ng'ambo ya Daraja

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya Mosocho, Fundi Mkuu aliniwekea mezani mashine ya michezo ya mitumba ambayo haikuwaka. Akanifundisha kuifungua, kupangusa vumbi, kulehemu waya uliokatika na kusugua meno ya kaseti kwa spiriti. Kaseti, enyi vijana, ndiyo iliyobeba mchezo wenyewe. Tuliichomeka juu ya mashine. Picha ilipotokea kwenye runinga, nilishika pedi ya kuchezea nikaanza kukimbiza kijitu chenye fimbo. Kilipofika kwenye daraja bovu, mkono wa Fundi Mkuu ulipita begani pangu ukazima umeme.

"Fundi hachezi," akasema. "Fundi anapima. Ukifika darajani ujue imepona, mrudishie mwenyewe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana. Fundi Mkuu alikuwa shemasi, na aliamini mchezo wa mteja ni kama mboga ya mteja: ukishaonja chumvi, weka kijiko chini.

Nilipohamishiwa tawi letu la Itumbe, karibu na kiwanda cha chai, Msimamizi wa huko alikuwa mpole na angeniacha nicheze. Sikuweza. Mkono ulikuwa umeshazoea kuzima. Baadaye nilisimamia tawi la Nyaramba mwenyewe, nikawafundisha wengine sheria ileile. Nilijua mwanzo wa kila mchezo uliopita mezani kwangu, na sikujua mwisho wa hata mmoja. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini iliniuma.

Nilistaafu mkono wangu wa kushoto ulipoanza kutetemeka. Nikajinunulia sokoni mashine kuukuu pamoja na kaseti ya lile daraja, nivuke kabla mkono haujanitupa kabisa. Kijitu kilianguka mtoni kila mara. Mke wangu akasema ninamzamisha mtoto wa watu bure.

Jumapili moja Fundi Mkuu alikuja kunijulia hali, akiegemea mkongojo. Kiharusi kilikuwa kimepoozesha mkono wake wa kulia. Alitazama mpaka kijitu kikaanguka, kisha akaniuliza kuna nini ng'ambo.

"Tata," nikamwita, kama kwetu tunavyomwita baba, "kwani nawe hujui?"

"Ningejuaje? Nilikuwa nazima."

Miaka yote nilikuwa na kinyongo naye, nikidhani alininyima kitu alichokuwa nacho. Siku hiyo nilimwonea huruma, nikajihurumia na mimi. Nikamsogezea kiti. Yeye akashika pedi upande wa kushoto, kwenye vitufe vya kutembeza. Mimi nikashika upande wa kulia, kwenye cha kuruka. Aliposema "sasa" nilibonyeza. Tulizama, tukazama tena. Mke wangu aliacha kumenya ndizi akaja kusimama nyuma yetu.

Mwishowe tukavuka. Ng'ambo kulikuwa na kilima cha kijani na njia inayopanda, basi. Mkono wangu unaotetemeka ukaenda wenyewe kwenye swichi, kwa mazoea. Fundi Mkuu akaachia pedi, akaushika.

"Acha iwake," akasema.