Nyota Mbele ya Sentensi

Makala yangu ilipotoka jaridani, nilikimbilia soko la Karungu kumwonyesha mama mkwe. Yeye Mjaluo, mimi Mkuria, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili. Nilimrekodi likizo nzima akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, nipate kuandika juu ya ile -nga tunayobandika mwishoni mwa vitenzi huku kwetu kuonyesha mazoea: naendanga, nakulanga. Mimi mwalimu tu wa Awendo, sijawahi kuchapisha hata tangazo. Jamani, kichwa kilinivimba!

"Wananunua pesa ngapi?" akauliza.

"Ni bure, mama. Ni jarida la lugha za Kiafrika, liko mtandaoni, yeyote anasoma."

"Bure?" Akabetua midomo. "Kitu ya bure si ni ile imekosa mtu wa kununua?"

Hata hivyo alivaa miwani, akashika simu yangu kwa vidole vya omena. Alipoona nimemwita Mtoa Habari wa Nne, aliguna, akataka kujua wa kwanza ni nani. Kisha akapiga kelele.

"Yawa! Hii ni yangu! Na wameipatia nyota!"

Nikachungulia. Katika makala nilidai kwamba -nga haishikani na neno "sina". Mhakiki wa jarida, mtu nisiyemjua, alitaka mfano. Nikautunga mezani kwangu bila kuuliza yeyote: "Mimi sinanga omena mbaya." Mbele yake nikaweka nyota, kwa sababu wanaisimu huiweka kwenye sentensi ambayo hakuna mtu anayeisema.

"Kwani mama, wewe unasemanga hivyo?"

"Kila siku! Nasemanga ukienda kunywa chai."

Kufikia adhuhuri soko zima lilikuwa na habari. Wanawake walipanga foleni kuona nyota. "Za wengine hazina," mama akawaambia, kisha akanishika mkono. "Huyu ndiye mke wa mtoto wangu." Tangu niolewe alikuwa amesifu ugali wangu tu, tena mara moja. Nilizitaka sifa zile, sitaficha. Ningenyamaza, ningezila zote. Lakini uongo wangu nao ulikuwa ukisomwa bure dunia nzima, na mwenye sentensi alikuwa amenishika mkono.

Jioni, tukifunga magunia, nikamweleza maana ya nyota.

"Hakuna mtu anasema?"

"Ndivyo nilivyoandika, mama."

"Kwa hivyo mimi si mtu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliona aibu hadi machozi yakanitoka, mtu mzima mimi, mbele ya wateja. Nikaketi juu ya gunia, nikamwandikia mhariri barua ndefu ya kukiri kosa, yenye maneno kama "data" na "upungufu wa mbinu", na kabla sijaituma nikamsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Maneno mingi," akasema. "Andika tu mtu amepatikana. Ako Karungu."