Bwana Dakika na Saa ya Chumba cha Sindano

Pale idara ya tiba ya nyuklia, jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Wenzake walimwita Bwana Dakika, naye aliitika bila kinyongo.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha picha za wagonjwa kutoka hospitali tatu zinaandikwa kwa namna moja. Kabla hajaja, kila hospitali ilijiandikia ilivyotaka. Moja ilipima uzito kwa kilo, nyingine kwa ratili. Hawa walianza tarehe kwa siku, wale kwa mwezi. Kuna faili ambamo kifua cha mtu kiliitwa "juu ya tumbo". Bwana Dakika akatengeneza fomu moja, akaisambaza mwenyewe hospitali hadi hospitali kama mtu anayegawa kadi za harusi. Fomu ikirudi na nafasi moja tupu, nayo ilirudishwa ilikotoka.

Nyumbani hakuwa na nafuu.

"Mama watoto, maji yamechemka saa ngapi?"

"Yalipochemka," mkewe alimjibu, akaendelea na shughuli zake.

Jumanne moja daktari alimwita. Mbele yake palikuwa na picha ya mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuwa kwenye matibabu ya saratani kwa nusu mwaka. Mgonjwa wa kipimo hiki hudungwa dawa yenye mionzi, hupumzika saa moja, kisha hupigwa picha. Penye ugonjwa panang'ara. Nguvu ya dawa hupungua kila dakika, kwa hiyo kompyuta hupiga hesabu kuanzia muda wa sindano: muda ukiandikwa mrefu kuliko ulivyokuwa, mng'ao nao hukuzwa kupita kiasi.

"Mng'ao umezidi ule wa mwanzo kwa robo nzima," daktari alisema. "Naona dawa zimegoma. Ijumaa nambadilishia."

Bwana Dakika aliomba fomu. Sindano, saa tatu na dakika ishirini. Picha, saa tano kamili. Akampigia simu yule mama.

"Mama, shikamoo. Juzi ulisubiri muda gani baada ya sindano?"

"Marahaba, mwanangu. Saa moja. Nilidungwa taarifa ya habari ikianza redioni, nikaitwa kwenye picha ikianza nyingine."

Saa moja, na fomu inasema saa moja na dakika arobaini. Bwana Dakika alishuka chumba cha sindano, hotuba ikiwa tayari mdomoni.

"Dada, muda wa sindano unausoma wapi?"

Muuguzi alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. Bwana Dakika akailinganisha na ya mkononi. Ilikuwa nyuma kwa dakika arobaini.

"Nani ametundika kitu hiki hapa?"

"Wewe, kaka. Mwezi uliopita. Ukatukataza kusoma simu zetu, ukasema hii ndiyo ya kuaminika."

Hotuba ilimezwa yote. Akaishusha saa ukutani. Aliona aibu, lakini zaidi aliogopa: ni wangapi wengine?

Walikuwa kumi na wawili. Mashine inayopima dawa kabla ya sindano hujiwekea kumbukumbu ya muda wake, basi akazitumia hizo kurekebisha mafaili yote, moja baada ya jingine, hadi Alhamisi. Ripoti mbili zilibadilika. Hakuna mgonjwa aliyekuwa ameshabadilishiwa matibabu. Mng'ao wa fundi cherehani ulikuwa umepungua kidogo.

"Kosa ni langu," alimwambia daktari.

"Liandike basi."

Akaliandika kwenye daftari la makosa, kwa jina lake kamili, saa na dakika. Muuguzi aliwapitia watu wa idara nzima akiwaonyesha ukurasa.

Wiki iliyofuata mama alikuja kuchukua majibu. Alimshika Bwana Dakika mkono, akashukuru, kisha akamtazama kwa jicho la kazi.

"Mwanangu, suruali yako mguu mmoja umeuzidi mwenzake."

"Kwa sentimita ngapi, mama?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?"

Mama alicheka, akaenda zake. Bwana Dakika akabaki kwenye korido, ameinama, akitafuta jibu kwa rula.