Redio Iliyofungiwa Gatwekera

Niliondoka Riruta Satellite asubuhi kwa sababu redio yetu ya mtoni ilikuwa imenyamaza wiki nzima. Si redio ya muziki. Imefungwa ukingoni mwa mto chini ya mtaa wa Gatwekera, inapima kina cha maji na kutuma tarakimu chache, polepole, kisha inalala. Hizo chache hufika mbali, hadi kwenye antena iliyo juu ya paa la ofisi yetu huko Satellite, na mto ukipanda, wapangaji wa ukingoni hupata ujumbe kwenye simu wahame mapema. Jioni hiyo mvua kubwa ilitarajiwa. Niliogopa, ila nilijitia utaalamu.

Kawangware niliipita kwa miguu nikiwatungia hotuba wezi niliodhani wameiba betri ya redio. Kufikia Barabara ya Ngong kichwani nilikuwa nimeshamkamata mwizi wa betri, nimemhukumu na kumsamehe.

Kutoka kijiji cha Raila niliteremka hadi Gatwekera kwa Mama Akinyi, ambaye chumba chake ndicho cha mwisho kabla ya maji. Wezi wangu hawakuwepo. Wapangaji walikuwa wamemwita fundi wa kuchomelea, akaijengea redio sanduku la chuma, pande zote, juu na chini, na kufuli mbili.

"Hii sasa hakuna mtu ataguza," Mama Akinyi aliniambia kwa fahari. "Mlango yangu haina kufuli mzuri hivi."

Nikamweleza kwamba mawimbi ya redio hayapenyi chuma. Akataka kujua mbona simu yake inashika mtandao ndani ya nyumba ya mabati. Nikasema nyumba ina mlango na dirisha. Sanduku hili halina hata tundu. Akautazama mto.

"Kwa hivyo maji ingekuja na sisi tumelala tu, injinia?"

Nilimjibu ndiyo. Nilijisikia vibaya kusema hivyo mbele ya watoto wake.

Mchana fundi alirudi akalikata sanduku lake mwenyewe, amenuna. Mama Akinyi hakukubali redio ibaki wazi, akaleta beseni lake la plastiki, ambayo haizuii mawimbi, akaifunika na kufunga kamba. Nikawapigia simu wenzangu Satellite. Tarakimu zilikuwa zimeanza kufika.

Jioni nilirudi nimelowa, nikaketi mbele ya kompyuta. Tarakimu zilipanda, zikapanda tena. Ujumbe ulitoka. Nikampigia Mama Akinyi, hakushika. Nikapiga tena, kimya. Sijui kama niliwahi kuichukia kazi hii kama dakika zile.

Mara ya tatu alishika. Walikuwa kanisani, yeye, watoto na magodoro. Maji yalikuwa yamefika kitandani kwake.

"Tulitoka mapema," alisema. "Lakini beseni yangu wameiba. Redio wameiacha hapo tu."

Mnaoniuliza nilijifunza nini huko, ni hili: mvua ikinyesha na paa likivuja, Gatwekera mtu huhitaji beseni, hakuna anayetaka kuiba redio.